Jiki, bikaboneti, shabu na mrututu kwenye bwawa la nyumbani: kipi ni nafuu kweli?

Baadhi ya ndoo zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mabwawa zina vitu vilevile vinavyopatikana kwa muuza vyakula, kwenye duka la vifaa vya ujenzi au kwa muuza kemikali, ila vimepewa jina jingine na bei nyingine. Nyingine hazina mbadala wowote jikoni, na anayetafuta mbadala wake huishia kumwaga maji. Tathmini hii inavipitia vile vinavyotumika zaidi huku kwetu pwani. Vipimo vyote ni vya bwawa la mita 10 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.25, yaani lita 50,000. Kama la kwako lina lita 25,000, gawa kwa mbili.

Tuanze na jiki, kwa kuwa ndiyo kila mtu huiulizia. Klorini iliyomo ndani yake ni klorini halali kabisa na inaua vijidudu kama ile ya dukani. Tatizo ni wingi. Jiki nyingi za hapa zina takriban asilimia 3.5 ya haipokloraiti ya sodiamu, ilhali klorini ya unga ya kawaida (haipokloraiti ya kalsiamu) ina asilimia 65 ya klorini. Kilo moja ya unga huo ina gramu 650 za klorini, na ili upate kiasi hicho kwenye jiki unahitaji lita 18 na nusu. Basi hesabu ya dukani ni hii: ulizia bei ya kilo ya unga, kisha bei ya lita 18.5 za jiki. Ukifanya hivyo, unafuu wa jiki huwa unayeyuka palepale. Bwawa la lita 50,000 linalopigwa na jua hupoteza kama mg 2 za klorini kwa lita kila siku. Kurudishia ni gramu 150 za unga, au karibu lita 3 za jiki. Kwa mwezi unafikia lita zaidi ya 80 za jiki, na hapo hujakutana bado na ukijani. Maji yakigeuka kijani ukataka kupandisha klorini kwa mg 10 kwa lita kwa mkupuo, ni lita 14 kwa jioni moja, dhidi ya gramu 770 za unga.

Jiki inapofaa ni kwenye vibwawa vya plastiki vya watoto. Kwenye lita 4,000, ml 230 zinatosha kupandisha klorini kwa mg 2, na hakuna haja ya kuweka ndoo ya unga mkali ndani ya nyumba. Chukua ile isiyo na harufu na isiyo nzito. Zenye manukato au zilizofanywa nzito zina sabuni ndani yake, na povu lake halitoki kwa urahisi. Ile ya nguo za rangi usiiguse: kwa kawaida hutengenezwa kwa haidrojeni peroksaidi, ambayo huimaliza klorini iliyomo majini badala ya kuiongeza.

Kati ya jiki na unga kuna klorini ya maji ya asilimia 10 hadi 12, inayouzwa kwa madumu ya lita 20. Kwa bwawa la pwani linalojazwa maji ya kisima, hii ndiyo tunayoipendekeza. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa ya kutosha tayari, na klorini ya unga huongeza nyingine: kila mg 10 za klorini huacha mg 7 za ugumu wa kalsiamu. Baada ya miezi michache utaliona gamba jeupe kwenye mstari wa maji, gumu kama msasa ukipitisha kidole. Ubaya wa madumu ni kwamba joto huimaliza nguvu. Nunua dumu moja moja, liweke kivulini, na usikubali dumu lililokaa juani mbele ya duka.

Ukitumia unga, tia unga kwenye ndoo ya maji, usimwagie maji juu ya unga. Acha utulie dakika 30, mimina maji ya juu yaliyo safi, ile tope nyeupe ya chini isiingie bwawani. Weka jioni, pampu ikizunguka. Kopo lililochota unga huu lisiguse vidonge vya klorini wala asidi, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya sumu na vinaweza kulipuka.

Bikaboneti ya soda ndiyo ununuzi bora kuliko vyote hapa. Kile kinachouzwa dukani kama dawa ya kupandisha alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH, yaani kipimo cha uchachu, isiyumbe) ni bikaboneti hiyohiyo ya kuokea. Gramu 850 hupandisha alkalini kwa mg 10 kwa lita. Lenga kati ya 80 na 120. Nunua mfuko wa kilo nyingi kwa muuza kemikali, si vipakiti vya gramu 100, na hakikisha si bekingi pauda, ambayo ina wanga na itakuletea ukungu majini.

pH ikiwa chini ya 7.2, magadi meupe ya unga kutoka kiwandani yanafanya kazi vizuri. Anza na gramu 300 zilizoyeyushwa, pima tena baada ya saa 4. Magadi ghafi ya mawe, yale ya kupikia maharage, yaache jikoni: yana udongo na floridi nyingi. Kwa pH iliyopanda, asidi ya haidrokloriki ya asilimia 32 ya kusafishia vigae inatosha. Nusu lita hushusha pH kutoka 7.8 hadi karibu 7.4 kama alkalini iko 100. Tia asidi kwenye ndoo iliyokwisha kujaa maji, kamwe si kinyume chake. Siki na ndimu hazifai, kwani hula klorini, na asidi ya betri huacha salfeti inayokula plasta.

Shabu inastahili sifa kubwa kuliko inavyopewa. Maji yakiwa yamechafuka lakini klorini na pH ziko sawa, salfeti ya alumini ya unga huyasafisha kwa usiku mmoja. Tumia kilo 1.5 hadi 2.5. Weka vali ya chujio kwenye mzunguko usiopita mchangani, nyunyiza, zungusha saa moja, zima pampu hadi asubuhi. Utakuta blanketi la kijivu sakafuni. Lifyonze polepole na kulitoa nje moja kwa moja. Ukilipitisha kwenye chujio mchanga huziba na mshale wa presha hupanda ndani ya dakika chache. Shabu pia hula alkalini: kilo 2.5 hushusha kama mg 25, hivyo andaa kilo 2 za bikaboneti za kurudishia.

Mrututu (salfeti ya shaba), tofauti na shabu, hutumiwa kupita kiasi. Gramu 50 hadi 60 kwa bwawa zima zinatosha kuzuia mwani. Wanaotia viganja huishia na madoa ya buluu-kijani kwenye ngazi na viungo vya vigae. Tena mrututu hauchukui nafasi ya klorini dhidi ya bakteria, na shaba haipungui majini mpaka utoe maji.

Vitu viwili usivitafutie mbadala. Cha kwanza ni asidi ya sayanuriki, inayoilinda klorini dhidi ya jua. Bila hiyo jua la mchana humaliza karibu klorini yote kwa saa chache. Kilo 1.5 ndani ya soksi mbele ya bomba linalorudisha maji hukupa mg 30 kwa lita. Kama unatumia vidonge vya gramu 200, kila kimoja huongeza mg 2 hivi za asidi hiyo kwa lita, basi pima kabla ya kuongeza; ikivuka 80 klorini hulegea na itabidi ubadilishe sehemu ya maji. Cha pili ni kifaa cha kupimia. Chukua cha matone cha DPD (dawa inayogeuza maji kuwa ya waridi), kinachosoma klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu. Kile kinachogeuza maji kuwa ya njano husoma klorini yote, pamoja na ile iliyokwisha kuchoka.