Mwendo wa noti 7.3 wa kwenye karatasi: nilivyokodi boti ya matanga Dar kwenda Unguja

Jamani miezi imepita na hasira bado ninazo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ilikuwa imeshika, mdogo wangu anaolewa Unguja, nikaona badala ya feri nimpe raha mzee wetu, zamani alikuwa baharia wa majahazi, tukakodi boti ya matanga ya faiba na nahodha wake. Kaka wa ofisini akapiga hesabu mbele yangu: urefu wa boti kwenye maji futi 30, kipeuo cha pili kama 5.5, zidisha kwa 1.34, noti 7.3, yaani maili 7.3 za bahari kwa saa. Maili 40 za bahari, "masaa matano na nusu dada, nikah ya alasiri mnawahi na kuoga mnaoga".

Mzee akatazama bendera akasema upepo huu uko usoni. Nikamjibu hesabu imeshapigwa baba. Inaniuma mpaka leo.

Tumeng'oa nanga saa 12 asubuhi, tukawa tunabisha tu, geuza tanga huku geuza kule, ukienda hivyo maili 40 zinakaribia 57, na boti inakwenda noti 4 kwa sababu chini imeota majani na magamba, mzee aliinama akayaona akanyamaza. Ngalawa ya wavuvi ikatupita!! Gogo jembamba jepesi, halichimbi wimbi kubwa, ile hesabu hailifungi. Yetu nzito, ikikazana inanasa katikati ya mawimbi yake yenyewe, omo (mbele) juu ya moja, tezi (nyuma) juu ya jingine. Nahodha, kijana wa adabu sana, ndiye aliyeniambia ukweli: "Mama, 7.3 ndio mwisho wake, sio mwendo wake."

Alasiri imeingia tuko katikati ya maji, mzee akamfanya baba mdogo wakili wake wa kumuozesha binti kwa simu inayokatika katika. Tumefika saa 2 usiku.

Nikaenda ofisini kudai. Yule kaka hata hakuinua kichwa: "Ulitaka kuwahi ungepanda ndege. Wanawake na bahari wapi na wapi." Mbele ya mzee wangu! Hata pole hakuna.

Nilishaandika nyota moja. Ila kurudi Dar, upepo uko nyuma, boti ileile ilikwenda 7, ikiteremka na wimbi inapita 8, mzee kashika usukani anaimba, sijamuona vile tangu mama afariki. Sasa niseme boti mbovu? Siwezi. Wakwangue chini, na wateja waambiwe upepo unatoka wapi kabla ya kupigiwa hesabu. Nyota tatu, zote za nahodha. Yule kaka akimpigia mzee kumuomba radhi nitaongeza, namba yetu anayo.