Stadi au bolti za silinda hedi kwa injini ya turbo?
Bolti ya kiwandani inayomaliziwa kukazwa kwa kuzungushwa digrii maalumu hurefuka ikikazwa, ukiifungua, tupa. Kwa injini isiyoongezwa nguvu inatosha kabisa.

Ukipandisha busti (shinikizo la hewa ya turbo), chukua stadi, chuma chenye thredi ncha zote mbili. Inakaa tuli kwenye bloki, nati pekee ndiyo inayozunguka, kwa hiyo mkazo unatoka sawasawa na thredi za bloki hazisagiki. Ingiza stadi kwa mkono tu, usiikandamize kwa spana. Paka grisi inayokuja na stadi kwenye thredi, chini ya nati na juu ya washa. Ukiweka oili, kipimo cha toki (nguvu ya kukazia) ni kingine. Kaza kwa hatua 3, kutoka katikati kwenda nje.

Hewa ya bahari hapa Tanga haina huruma: matundu ya bolti kwenye bloki yasafishwe kutu kwanza, yakaushwe. Oili ikibaki ndani ya tundu chini ya bolti, bloki inaweza kupasuka.