Pasi ya kulehemu ya wati 60, nimeitumia miezi mitatu hapa Dodoma

Wakuu, hii pasi nimeichukua kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale Majengo, 28,000 pamoja na ncha tano, sponji na kiroli kidogo cha risasi, yaani ule waya laini unaoyeyushwa kuunga nyaya. Ina kitufe cha kuzungusha kuanzia nyuzijoto 200 mpaka 450. Kabla yake nilikuwa na ya wati 30 isiyo na rekebisho, nikikaa barazani na huu upepo wetu inapoa kabla risasi haijaingia kwenye waya, unakandamiza weee mpaka ganda la plastiki linayeyuka na shaba bado haijashika kitu.

Hii inashika kweli. Naiweka 350, waya wa spika nausokota, napaka fluksi kidogo (dawa ya kusafisha shaba ili risasi ishike), pasi inakaa chini ya waya na risasi naigusisha juu kwenye waya wenyewe sio kwenye pasi, sekunde mbili tatu imeshanyonywa. Ukimaliza nyuzi za shaba bado unaziona umbo lake, likiwa donge ujue umezidisha.

Tatizo ni ile risasi ya bure, haijaandikwa kitu, inayeyuka kwa tabu na ikipoa inakuwa ya kijivu, ukivuta inaachia. Nikaitupa, nikanunua roli ya 60/40, yaani bati 60 kwa ledi 40, yenye fluksi ya utomvu ndani, hiyo inaanza kuyeyuka 183 na ikifika 190 hivi yote imekuwa maji. Ila ledi ni sumu, kwahiyo nawa mikono kabla hujagusa ugali. Na fluksi ya asidi ya mafundi bomba msiiguse kwenye umeme jamani, inakula shaba taratibu.

Kilichoniuma ni ushauri wa muuzaji, eti ncha zote za waya zipakwe risasi hata za soketi na plagi ndo zinakaza vizuri. Hapana kabisa!! Risasi ni laini, skrubu ikiibana inaendelea kubonyea kidogokidogo, baada ya muda waya umelegea, unapata moto, na moto wa hivyo ndo unaunguza nyumba. Jirani yangu wa hapa Nkuhungu nilimfungulia ekstensheni, waya umepakwa risasi na plastiki ya pembeni imeshakuwa nyeusi. Kwenye skrubu weka shaba tupu iliyosokotwa vizuri, au vile vibomba vidogo vya kuvalisha ncha halafu unabana kwa koleo lake. Kijana wa dukani nilirudi nikamweleza, akanisikiliza vizuri tu.

Kwenye bajaji pia angalieni, pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu na mtikisiko unaukata hapohapo, mi navalisha mpira wa kusinyaa kwa moto na naufunga waya usichezecheze.

Ncha ya kwanza niliiua mwenyewe kwa kuizima bila kuipaka risasi, ikashika kutu nyeusi. Sasa naifuta kwenye sponji yenye maji, napaka ndo nazima, na hii ya pili bado inang'aa.