Kamisheni 15% ya hii apu ya misosi: ni kweli, ila tangazo lao halijakaa sawa

Nina mgahawa mdogo wa samaki Kirumba, sato wa kukaanga, mchemsho, ugali, na hii apu ya kuagiza chakula nimeitumia vya kutosha kuisemea. Jina silitaji, sitaki kesi, ila mwenye mgahawa hapa Mwanza ataijua tu kwa tangazo lake lile la "Wengine wanakata 30, sisi 15 tu".

Mazuri kwanza. Oda zinaingia kweli, usiku manesi wa Bugando wanaagiza sana na mchana maofisi ya mjini kati. Hela inaingia kwenye simu kesho yake bila kukumbushana. Bei unabadili mwenyewe, sato akipanda bei soko la Mwaloni alfajiri mi saa nne nishapandisha. Hapo sina neno.

Sasa hilo tangazo. Hiyo 15 ni ya kuonekana kwenye apu na kupokea oda, basi, bodaboda wa kupeleka unamtafuta mwenyewe na unamlipa mwenyewe, wakati ile 30 ya hao "wengine" bodaboda yumo humohumo. Yani wamechukua bei ya samaki mbichi wakailinganisha na bei ya aliyekaangwa halafu wanajisifu wao ndo rahisi. Na kuna 2.5% ya kushughulikia malipo ambayo kijana wao alipokuja hakuigusa, alikuwa "mama we weka sahihi hapa, ni 15 tu mama", mi nimekuja kuikuta kwenye taarifa ya mwezi imekaa kimya huko chini.

Tupige hesabu. Sahani ya sato na ugali nauza 12,000. 15% ni 1,800, malipo 300, bodaboda wa hapa mpaka Bugando 2,000, jumla 4,100. Yule wa 30 anakata 3,600 na kila kitu kimo. Kwa hiyo kwenye sahani moja huyu wa "nusu bei" kanikata zaidi! Ila ofisi ikiagiza ya 40,000, huku natoa 9,000 pamoja na boda, kule ni 12,000, hapo apu hii inampiga mwenzake mbali kabisa. Kwa nauli hiyo ya 2,000 wanalingana kwenye oda ya 16,000, chini ya hapo 30 ni nafuu, juu ya hapo hii ni nafuu, na kama uko Igoma unapeleka Kapripoint nauli yako ni kubwa kwa hiyo na huo mpaka unapanda, piga ya kwako. Unaweza kusema mteja alipe boda mwenyewe, sawa, jaribu uone kama hajahamia kwa jirani.

Na siyo kwamba haiwezekani kusema wazi. Marekani DoorDash, apu ya kuagiza chakula, mwaka 2021 walitoa vifurushi vitatu, 15, 25 na 30, na kila kimoja kinasema unapata nini, cha 15 mteja anachajiwa zaidi kupelekewa na eneo linalofikiwa ni dogo. Mwaka huohuo jiji la New York likapitisha sheria ya kuweka ukomo wa kamisheni na likavitenganisha kabisa, 15 ya kupeleka chakula, 5 ya huduma nyingine, 3 ya malipo. Ukivitenganisha hivyo ndo unaweza kulinganisha. Sisi wenyewe si tuliona 2022 LATRA, wadhibiti wa usafiri, walipotaka kamisheni ya teksi za mtandaoni isizidi 15, Uber wakasimamisha huduma Tanzania mpaka kiwango kiliporudi 25, wakarejea 2023, na hao hata mafuta ya dereva walikuwa hawalipi. Ndo maana mtu akiniletea 15 siku hizi nauliza kwanza nini kimeondolewa humo.

Nilimwambia kijana wao, mwanangu, andikeni "15 bila bodaboda, malipo 2.5", mbona bado inauza? Akacheka, akasema bango litajaa maneno. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupotosha watu kwenye biashara na FCC, Tume ya Ushindani, ndo wasimamizi, kwa hiyo hayo maneno machache ni bora wayaweke wenyewe.

Huduma naipa nyota 4, tangazo nyota 1. Mi sijaondoka, ila nimeweka oda ya chini 20,000 huko kwenye apu, na anayetaka sahani moja namba ya mgahawa ipo kwenye mfuko wa chakula apige, boda wa hapa kijiweni anampelekea na kamisheni hakuna.