Dirisha lisilotoza kamisheni

Naandika kuhusu dirisha la kubadilishia fedha lililo katika ukumbi wa kuwasili wa uwanja mmoja wa ndege, ambalo nililitumia mapema mwaka huu nikiwa na usingizi wa safari ya usiku kucha na sina hata sarafu moja ya nchi ile. Juu ya kioo paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba hapatozwi kamisheni, nami, mtu mzima niliyekwisha kusafiri mara kadhaa, nikaingia mkenge.

Nilitoa dola 300 katika noti tatu za mia. Karani alizipokea bila kuitikia salamu yangu, akazimulika moja baada ya nyingine, kisha akairudisha ya tatu kwa kuisukuma na ncha ya kalamu, kana kwamba nimempa kitambaa kichafu. Nilipouliza kasoro yake, alijibu kwamba ni kuukuu. Noti ile haikuchanika, haikuandikwa kitu wala haikugongwa muhuri. Kosa lake lilikuwa kuwa ya toleo la 2006, yaani kabla ya zile zenye utepe wa buluu zilizoanza kutumika mwaka 2013. Nilimweleza kwa upole kwamba Marekani haifuti noti zake kwa sababu ya umri na kwamba ile ya zamani bado ni fedha halali. Akamgeukia mwenzake aliyeketi nyuma, akasema jambo kwa lugha yao, wakacheka wote wawili. Kisha akaniambia kwamba angeweza kuipokea kwa bei ya chini zaidi nikitaka, na nisipotaka nisogee, kwa kuwa kulikuwa na watu nyuma yangu.

Nilitaka, kwa aibu yangu. Nilihitaji nauli ya kutoka uwanjani.

Hasira ya kicheko kile ndiyo iliyonifanya nisilione kosa kubwa zaidi, ambalo lilikuwa langu mwenyewe. Ubao wa viwango una safu mbili, moja ya bei wanayonunulia dola zako na nyingine ya bei wanayokuuzia, na mimi nilikuwa nimeisoma ile ya kuuzia, ambayo siku zote ndiyo tamu machoni pa mwenye dola mkononi. Asiyetoza kamisheni hujilipa katika pengo lililo baina ya safu hizo. Nilipofika chumbani nikapiga hesabu kwa bei ya kati, ile inayoonekana bure kwenye simu, na nikakuta kwamba zaidi ya dola 40 zilikuwa zimebaki upande wa pili wa kioo. Usiku ule nilikata shauri kwamba nitamwonya kila ninayemfahamu asikanyage pale.

Kesho yake nilikwenda kwenye mashine ya kutolea fedha iliyo ndani ya benki, nikijiona nimeerevuka. Mashine iliniuliza kama ningependa akaunti yangu ikatwe kwa fedha ya nyumbani badala ya fedha ya nchi ile, na kidole changu, ambacho nadhani kilikuwa bado kinagombana na karani, kikabonyeza ndiyo. Ilipaswa kuwa hapana. Ukikubali, wenye mashine ndio wanaopanga kiwango na kujiongezea chao humo. Ukikataa, mageuzi hufanywa kupitia mtandao wa kadi na benki yako, na mara nyingi hutoka na afadhali kubwa. Visa na Mastercard zinataka mteja apewe nafasi ya kuchagua, na sina budi kukiri kwamba nafasi hiyo nilipewa. Mara ya pili nilikataa, nikatoa kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja kwa sababu benki yangu hukata ada ileile kila ninapotoa, na kiwango nilichokipata kilinifanya nijionee huruma kwa yote yaliyotangulia.

Basi naona vigumu kulihukumu dirisha lile. Pamoja na ujeuri wake, karani alihesabu fedha mara mbili mbele ya macho yangu na kunipa risiti yenye kiwango kilichochapwa, na katika noti alizonipa hapakuwa na bandia hata moja. Nje ya mlango kijana mmoja alinifuata akininong'oneza kiwango kizuri mno, na sikuhitaji kuambiwa jinsi bunda linavyoweza kuwa na noti kubwa juu na vijisenti katikati. Kwa usalama, dirisha lile halina neno, na anayehitaji nauli tu anaweza kubadilisha dola 20 pale asijute.

Naona nimekuwa mpole kupita kiasi. Mtu anayeuza kwa bei ile angalau angeitikia salamu.

Siku ya kuondoka nilirudi palepale nikiwa na risiti yangu, niuze kilichobaki. Karani alikuwa yuleyule. Alizipokea noti kwa ile safu nyingine, ambayo sasa niliisoma vizuri, kisha akazisukuma sarafu zangu kwa ncha ya kalamu, akaniambia kwa sauti ya adabu kabisa kwamba sarafu hawapokei na kwamba ananitakia safari njema. Adabu ile iliniudhi kuliko kicheko.