Nukta nyekundu au hologramu: jicho langu ndilo lililoamua

Siku nilipofungua boksi la kifaa changu cha kwanza cha kulengea chenye nukta nyekundu, nilidhani nimeuziwa kibovu. Nilikifunga juu ya bunduki, nikahakikisha chemba haina kitu, nikakiwasha na kulenga ukuta wa matofali. Nilitarajia kiduara kidogo safi. Badala yake niliona kitu kama mkato wa wino mwekundu, wenye kikia kilichoelekea chini kulia. Nikapunguza mwanga, kikia kikasinyaa lakini hakikuondoka. Nikafuta kioo, bado kipo.

Kabla sijakirudisha nilikotoka nilifanya mambo mawili, na hadi leo namwambia kila anayeniuliza ayafanye. Kwanza niliweka simu nyuma ya kioo nikapiga picha. Kwenye picha nukta ilikuwa duara kamili. Kisha nikainua kilengeo cha chuma cha nyuma, nikaichungulia nukta kupitia kitundu chake kidogo. Duara tena. Kifaa kilikuwa kizima, mwenye shida alikuwa jicho langu. Mtaalamu wa macho alinipima wiki ileile akanithibitishia kuwa nina astigmatizimu, yaani konea yangu, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, haikupinda sawasawa pande zote, kwa hiyo nuru inayotoka kwenye nukta moja haikusanyiki mahali pamoja. Nilikuwa nasoma na kuendesha gari miaka yote hiyo bila kujua.

Ndiyo sababu nikaanza kuifikiria hologramu, aina nyingine ya kifaa cha kulengea. Wengi huvihesabu vifaa hivi viwili kuwa kitu kimoja kwa kuwa vyote ni kioo chenye alama nyekundu, unalenga macho yote mawili yakiwa wazi. Ndani havifanani hata kidogo. Kwenye nukta nyekundu kuna taa ndogo ya LED iliyofichwa upande wa nyuma, inamulika mbele kwenye kioo kilichopinda. Kioo hicho kimepakwa utando unaorudisha wekundu wa taa hiyo na kuziachia rangi nyingine zipite. Nuru humrudia mlengaji ikiwa imenyooka, na jicho huiona nukta kana kwamba iko kulekule kwenye shabaha. Wazo la kuakisi alama kwenye kioo ni la zamani: Howard Grubb wa Dublin aliliombea hataza mwaka 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ndiyo iliyolitia taa ya LED ikaanza kuuza mwaka 1975. Hologramu kwa upande wake hutumia leza. Leza inaangaza kioo ambacho picha ya alama imekwisha kuandikwa ndani yake, na picha hiyo imeenea kote kwenye kioo. Ndiyo maana kioo kikifunikwa nusu kwa tope, nusu iliyobaki bado inakupa alama. Cha kwanza kuuzwa kilitoka mwaka 1996 kwa jina la Bushnell, na waliokibuni ndio waliokuja kuwa kampuni ya EOTech.

Rafiki yangu tunayeshindana naye kwenye mashindano ya kulenga shabaha aliniazima hologramu yake kwa Jumamosi nzima. Alama yake ni duara pana la MOA 68 lenye nukta ya MOA 1 katikati. MOA ni kipimo cha pembe wanachotumia walengaji: MOA 1 ni kama sentimita 2.9 kwa umbali wa mita 100, kwa hiyo nukta yangu ya MOA 2 ilikuwa inaziba karibu sentimita 6 za karatasi hata kabla ya kuongeza kile kikia. Nilipoinua bunduki ya rafiki yangu begani, roho ilitulia. Hakukuwa na mkato wala kikia. Ukiikazia macho nukta yenyewe utaona imejaa chembechembe, kama vumbi linalong'aa. Lakini ukiangalia shabaha, kama unavyotakiwa, chembe hizo zinapotea na unabaki na duara jembamba lililotulia. Mita 100, nimelala chini, matundu ya risasi tano za kwanza niliyafunika yote kwa kiganja. Kwa kifaa changu sikuwa nimewahi kufikia hapo, kwa sababu sikujua kama nilenge kwa kichwa cha ule mkato au kwa mkia wake.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa mita 7. Kifaa kinakaa juu ya mtutu, kwenye bunduki yangu kiasi cha sentimita 6 na nusu, kwa hiyo ukiwa karibu namna hiyo risasi hupiga chini ya pale nukta ilipo. Kwa nukta nyekundu lazima ukumbuke kulenga juu kwa kukisia, na kwenye mashindano, saa inakwenda na mapigo ya moyo yako juu, kukisia huko ndiko kunakokosesha. Nimewahi kupiga ukingo wa shabaha ya adhabu, ile usiyotakiwa kuigusa, namna hiyo, mara mbili kwenye kituo kimoja. Kwenye hologramu, ncha ya chini kabisa ya lile duara pana inaangukia karibu kabisa na mahali risasi inapokwenda kwa mita 7. Nilibandika stika ndogo ya duara kwenye karatasi, nikaweka ncha ile ya chini juu ya stika, nikafyatua. Tundu likatokea ndani ya stika. Nikarudia mara tatu, nikampigia kelele rafiki yangu aje kuona.

Tulijaribu pia lenzi ya kukuza mara 3 nyuma ya vifaa vyote viwili. Kwa jicho langu ule mkato ulibaki kuwa kero tupu. Nukta ya hologramu ilibaki nyembamba ya kutosha kulenga katikati ya karatasi.

Nilinunua hologramu yangu mwezi uliofuata. Ni ghali zaidi ya nukta nyekundu nzuri, na nzito zaidi: vifaa vya aina hii vinakaribia au kupita gramu 300, wakati nukta nyekundu ndogo inaweza kuwa chini ya gramu 100 kabla ya kishikio. Uzito huo unausikia jioni, baada ya kuinua bunduki mara mia.

Nilikuwa na wasiwasi mmoja. Urefu wa mawimbi ya leza hubadilika joto linapobadilika, na usipofidiwa ndani ya kifaa, alama inaweza kuhama. Mwaka 2015 kampuni iliyokuwa inamiliki EOTech ilikubali kulipa dola milioni 25.6 kumaliza kesi na serikali ya Marekani, na kuhama kwa alama kutokana na joto na baridi ni moja ya mambo yaliyokuwa kwenye madai hayo. Kwa hiyo sikutaka kuamini karatasi ya maelezo. Nilipiga risasi tano alfajiri kukiwa na baridi, nikaiacha bunduki juani, ikiwa tupu na mbele ya macho yangu, hadi chuma chake hakishikiki. Kisha nikapiga tano nyingine kwenye karatasi ileile. Matundu kumi yakakaa kundi moja. Hayo ni ya kifaa changu tu, wewe chako kipime mwenyewe.

Kilichoniumiza ni betri. Hologramu inakula umeme kwa sababu leza inahitaji zaidi, na kwa kawaida unahesabu kama saa 1,000 za kuwaka. Nukta nyekundu bora kama Aimpoint T-2 imeandikwa saa 50,000, yaani zaidi ya miaka mitano bila kuzimwa. Ili kuokoa betri, hologramu yangu hujizima yenyewe saa nane baada ya kubonyezwa kwa mara ya mwisho. Nililijua hilo. Siku ya mashindano niliiwasha saa mbili asubuhi, nikasahau. Kituo cha mwisho nilikifikia saa kumi na robo alasiri. Kengele ikalia, nikainua bunduki, kioo kitupu. Nilibonyeza, alama ikarudi, lakini sekunde mbili zilikuwa zimekwenda na akili imevurugika. Nilishuka nafasi nne. Tangu siku hiyo kidole gumba changu kinabonyeza kitufe kila mwamuzi anaponiambia nijiandae, hata kama alama naiona inawaka.

Halafu miwani ikafika. Mtaalamu wa macho alinitengenezea lenzi za kurekebisha astigmatizimu, na jambo la kwanza nililofanya ni kuitoa kabatini ile nukta nyekundu niliyotaka kuirudisha. Haikuwa kamili, lakini ilikuwa nukta. Ule mkato ulikuwa umejikunja ukawa kiduara chenye ukungu kidogo pembeni, na nikipunguza mwanga hata ukungu huo unaondoka. Kama ningeenda kupima macho kabla ya kununua chochote, huenda nisingenunua hologramu kabisa.

Sasa ninazo zote mbili na nimezigawia kazi. Hologramu iko kwenye bunduki ya mashindano, kwa ajili ya lile duara la mita 7 na kwa siku ambazo jasho linanilazimisha kuvua miwani. Nukta nyekundu iko kwenye bunduki ninayofundishia wanaoanza. Naiacha inawaka mwaka mzima. Mwanafunzi akiishika, kabla hatujaongea lolote kuhusu kulenga, namwomba anichoree kwenye karatasi anachokiona ndani ya kioo. Wengi huchora nukta. Wiki iliyopita binti mmoja alichora mkato wenye kikia kilichoelekea chini kulia, nikampa namba ya mtaalamu wangu wa macho.