Uzoefu wangu: mwezi wa ukutani wa puti na taa za mkanda

Mwezi wangu wa ukutani umetimiza wiki tatu sasa ukiwaka kila usiku sebuleni, hapa Temeke, kwa hiyo vifaa nilivyotumia naweza kuvisemea bila kubahatisha. Ni duara la plaiwudi la sentimita 60, usoni limepakwa puti, nyuma lina taa za LED za mkanda.

Nianze na puti, maana ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Mwanzo nilinunua jipsamu ya unga. Inashika haraka mno: nikikoroga, nikitengeneza shimo la tatu tu la mwezi, iliyobaki kwenye bakuli imeshakuwa jiwe. Puti wanayopigia skimu mafundi rangi, yaani kulainisha ukuta kabla ya rangi, inakupa muda wa kufikiri. Niliikoroga kwa maji kidogo na gundi nyeupe ya mbao mpaka ikawa nzito kama ugali wa mtoto. Usiache gundi. Kipande cha majaribio nilichopaka bila gundi kilibanduka magamba. Plaiwudi nayo nilitangulia kuipaka gundi iliyozimuliwa kwa maji, mbele na nyuma, isinywe maji ya puti ikajikunja.

Raundi ya kwanza niliipoteza kwa haraka. Nilipaka unene wa kama sentimita moja kwa mkupuo, nikaiwashia feni, asubuhi nikakuta nyufa kama za shamba la mpunga lililokaukiwa. Nikakwangua yote. Raundi ya pili nilipaka milimita mbili tatu, nikaacha ilale usiku mzima, ndipo nikaongeza. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, na tabaka la juu lilichukua siku mbili kukauka. Usilipige msasa kabla ya hapo.

Mashimo yana wakati wake. Subiri puti ipoteze ule mng'ao wa maji, tandika nailoni nyembamba juu, kisha bonyeza huku unazungusha kidogo ili ukingo uinuke. Mashimo ya mwezini yana ukingo ulioinuka kwa sababu kitu kilichogonga kilirusha mawe na vumbi pande zote, na bila ukingo huo unapata alama za vidole tu. Nilifuata picha za chombo cha NASA kinachouzunguka mwezi tangu 2009, Lunar Reconnaissance Orbiter, zinapatikana bure. Shimo la Tycho lina upana wa kilomita 85 hivi, na mwezi wenyewe kilomita 3,474, kwa hiyo kwenye duara langu lilipaswa kuwa sentimita moja na nusu tu. Nilitumia kizibo cha soda, kikubwa karibu mara mbili, na nimeridhika, maana ndilo shimo ambalo kila mgeni anaomba kuligusa. Yale mabaka meusi ya mwezini yanayoitwa bahari niliyapaka rangi ya maji ya kijivu kwa sponji, nikaifuta kabla haijakauka.

Sasa taa. Mkanda wa mita 5, volti 12, mwanga wa njano laini ulioandikwa 3000K. Unakatwa penye alama za shaba, kwangu kila sentimita 5. Mkanda huu haukubali kupindwa ukiwa umelala bapa, kwa hiyo nilimwomba seremala anikatie duara la pili la sentimita 50, nene, la kukaa nyuma ya lile la kwanza, nikauzungusha kwenye ukingo wake: mita 1.55. Mkanda hauna tatizo. Adapta iliyokuja nao ilikufa siku ya nne. Fundi umeme aliponiambia, "Dada, hebu shika hapa," nilishindwa kuishikilia kwa joto. Duka lilikataa kunibadilishia, na hilo limeniuma, kwa sababu kitu kinachoshinda kimechomekwa ndani ya nyumba yenye watoto si cha kuuzwa hivyo. Nilinunua nyingine ya ampea 2 peke yake, na hii hata baada ya saa tano ina uvuguvugu tu.

Ila usiku wa kwanza nilivunjika moyo. Ukuta uling'aa vizuri, lakini mwezi wenyewe ukawa sahani nyeusi. Kazi yote ya puti haikuonekana! Taa ya nyuma inapamba ukuta. Nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka mbele, mashimo yakapotea kabisa. Nilipoisogeza tochi ubavuni ndipo kila ukingo ukatupa kivuli. Ndivyo ulivyo mwezi wa kweli: ukiwa mpevu jua linaumulika usoni na mashimo hayaonekani vizuri, ukiwa nusu vivuli vinarefuka pale mwanga unapokutana na giza. Nikachukua sentimita 30 za mkanda uliobaki ili niziweke pembeni.

Pembeni wapi? Mama yangu ndiye aliyenipa jibu. Amekulia Pangani kwenye nyumba ya wavuvi, ambako mwezi unatazamwa ili kujua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Aliukodolea macho akasema, "Mwanangu, mwezi wetu hauandami hivi. Wetu unaandama umelala chali, kama mtumbwi." Picha nilizofuata zimewekwa kaskazini juu. Huku kwetu karibu na ikweta, mwezi mchanga wa magharibi unamulikwa kutoka chini, kaskazini yake ikiwa mkono wa kulia.

Nikaligeuza duara robo mzunguko kuelekea kulia. Tycho ikahamia kushoto, Mare Crisium, mojawapo ya zile bahari, ikashuka chini. Kipande cha taa nikakibandika kwenye ubao mwembamba chini ya duara, sentimita 10 kutoka ukingoni, kikitazama juu. Kina swichi yake. Jioni tunawasha hicho peke yake, na sehemu ya chini inawaka kwa umbo la mtumbwi, vivuli vikipanda juu.

Puti naipa nyota 5. Mkanda nyota 4, kwa kuwa gundi yake ya nyuma imeanza kuachia kwenye maungio na itabidi niibane kwa vibanio vidogo. Adapta ya kwanza haistahili hata moja.